Ukuta wa Nyuma Alioufunga LaVonne

Ardis Tollefsrud hakuwa mtu wa kuamini ukuta uliofungwa. Mpeleke kwenye trela yoyote kuukuu ya kupigia kambi, hata iwe imepakwa rangi mpya na kutundikwa mapazia ya maua, kabla hajakusalimu sawasawa ameshainama pembeni ya kitanda ananusa. Ananusa kweli, pua kwenye mbao, mbele za watu. Halafu anaikanyaga sakafu ya kona kwa kisigino, polepole, huku anakutazama usoni na kukuuliza habari za wajukuu. Wanawake wenzake wanaotengeneza trela walipomwona akija kwenye maonyesho ya trela kuukuu ya kila Juni waliambiana, "Haya jamani, polisi huyo."

Hakuzaliwa hivyo. Miaka yote aliyopika kwenye jiko la shule aliamini kila mtu, hata watoto walioapa hawajala na huku midomo inang'aa siagi. Kilichomharibu ni trela ya kijani. Mumewe Orvin, dereva wa lori la maziwa, alipofariki, Ardis alichoka kukaa peke yake akaenda kununua katrela kadogo ka zamani kwa bwana mmoja mcheshi kule Illinois. Kijani na nyeupe, kanameremeta, hata vishikio vya makabati vimesuguliwa. Mvua ya kwanza iliponyesha alitia kidole ukutani, na kidole kikazama. Ndani mbao zilikuwa zimelowa na kuoza, laini kama keki iliyomwagikiwa chai. Yule bwana alikuwa amepaka rangi juu ya uozo, akatia pesa mfukoni na kumpungia mkono wa kwaheri. Ardis alilia siku hiyo kuliko alivyolia kwenye mazishi, na hilo atakwambia mwenyewe bila haya.

Aliyekuja kumfuta machozi ni LaVonne Pechacek, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa amestaafu kutoka kiwanda cha jibini. Alikuja na pai ya mabua machachu ya rubabu mkono mmoja na mtaimbo mkono wa pili.

"Unalilia nini?" alimuuliza. "Si tuifumue tuone."

Wakaifumua, ndani ya banda alimokuwa akikamulia ng'ombe marehemu baba yake LaVonne. Wakabandua bati, wakang'oa mbao zilizooza, wakaweka mpya. Na Ardis, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akagundua kuwa hakuna kinachomfurahisha duniani kama kubandua bati la trela na kuona kilichofichwa nyuma yake. LaVonne alikuwa kinyume. Yeye raha yake ilikuwa kufunga. Bati lilale sawa, skrubu zijipange, mkanda wa alumini wa pembeni ushike barabara, halafu arudi nyuma hatua chache na kusema, "Mtazame bibi harusi." Mmoja wa kufumua, mmoja wa kufunga, wangepata wapi mwingine? Hawakuacha tena. Trela ikitoka, nyingine inaingia.

Walikuwa na sheria moja, na aliyeitunga ni Ardis, kwa sababu ya yule bwana wa Illinois. Hakuna ukuta unaofungwa mpaka mwenzako aupitie. Ukishapanga mbao zako, mwingine anakuja na msharasi, ule wa fundi viatu, anachoma kila ubao na kila kona. Msharasi ukizama, unang'oa. Usipozama, unafunga. Waliiita mkono wa pili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeiruka.

Basi majira haya ya kuchipua waliletewa trela ya mwaka hamsini na nane, moja ya zile za mviringo ambazo wenyewe huziita makopo ya nyama. Kwingine ilikuwa nzima, lakini ukuta wa nyuma, chini ya dirisha, ubao wa chini ulikuwa mweusi tii. Hapo ndipo maji hupenda kupenya. Kabla hawajaugusa, dada yake Ardis aliyeko Duluth akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na Ardis akaenda kumuuguza wiki kadhaa. Aliporudi, hata sanduku hajalifungua, alikimbilia bandani. Ukuta wa nyuma ulikuwa umefungwa. Bati liko mahali pake, mkanda uko mahali pake, hata rangi imeshapakwa.

"Umeufunga?" aliuliza.

"Nimeufunga," alisema LaVonne. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya mifuko ya ovaroli.

"Bila mimi?"

"Ulikuwa Duluth, Ardis. Trela ingojee nyonga ya dada yako?"

"Na mkono wa pili je?"

"Weee! Miaka yote hii bado unataka kunichomachoma na msharasi? Niamini mara moja tu, shoga yangu. Hutakufa."

Ardis alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Aliinama akanusa kona. Alisikia harufu ya rangi mbichi na gundi, basi. Rangi mbichi! Hiyo hiyo harufu aliyoisikia Illinois.

Tangu hapo hakupata raha. Na ukishaanza kumtilia mtu shaka, kila analofanya linakuwa ushahidi. Banda lile halikuwahi kufungwa tangu enzi za ng'ombe, sasa lina kufuli. "Rakuni wanaingia," alisema LaVonne. Tangu lini vinyama vya kudokoa taka kama rakuni vikahitaji kufuli la shaba? Asubuhi walizoea kunywa kahawa pamoja kwenye meza ya jikoni kwa Ardis, sasa LaVonne anasema kahawa inamkosesha usingizi. Mwanamke aliyekunywa kahawa nyeusi maisha yake yote! Akija, anasimama mlangoni, mikono mifukoni, hakai. Ukimtajia ukuta wa nyuma, anaruka kwenye habari za hali ya hewa.

Ijumaa wakaenda baa ya kijijini kula samaki wa kukaanga kama kawaida yao. LaVonne aliagiza samaki, akawagusagusa kidogo, akawaacha. Mkono mmoja tu ulikuwa juu ya meza. Halafu, bila utangulizi, akasema:

"Hii trela ichukue wewe."

"Kuichukua vipi?"

"Yote iwe yako. Mimi sitaki fungu langu. Kwenye maonyesho iweke jina lako tu."

Ardis aliweka uma chini. "Kwa nini?"

"Nimechoka na trela."

"Umechoka na trela! Wewe? Mwezi mmoja kabla ya maonyesho?"

"Mtu hachoki? Kula samaki wako, wanapoa."

Usiku ule Ardis aliihesabu hesabu yake, na ikatoka vilevile kila alivyoianza. Nani anayekupa bure kitu kizima? Anayekupa bure ni yule anayejua kilichomo. LaVonne alikuta uozo umepanda mpaka kwenye dirisha, akaona uvivu, akapachika bati juu yake, akapaka rangi, na sasa anataka kumtupia mzigo kabla haujanuka. Wakati wa maonyesho milango yote inaachwa wazi, wanawake wa kaunti nzima wanapita wanagusa na kubonyeza. Watakayemcheka ni polisi mwenyewe.

Lakini kucheka wangecheka, naye angepona. Kilichomuuma hakikuwa trela. Watoto wake wako Arizona, Orvin yuko makaburini nyuma ya kanisa la Walutheri, na duniani amebaki na mtu mmoja anayeingia jikoni kwake bila kugonga. Kama LaVonne naye ni wa kupaka rangi juu ya uozo, atabaki na nani? Alitaka kujua, na aliogopa kujua, na kati ya hivyo viwili Ardis siku zote huchagua kujua. Angeweza kumkalisha mwenzake chini akamuuliza, sivyo? Wapi! Mtu atakwambia uongo. Ukuta hausemi uongo ukishaufungua.

Jumanne aliliona pikapu la Emil, kaka yake LaVonne, likimchukua LaVonne. "Napelekwa La Crosse kwa daktari wa meno," LaVonne alipaza sauti kutoka dirishani. Daktari wa meno, na kaka mtu kavaa shati la kanisani. Hilo nalo Ardis aliliweka akibani.

Pikapu lilipopotea nyuma ya kilima, alivuka barabara na bisibisi na msharasi mfukoni. Kufuli lilikuwa mahali pake, kwa hiyo alipitia dirisha la chumba cha maziwa. Mumwone basi, bibi mzima, goti moja kwenye kizingiti, sketi imenasa kwenye msumari, anajilaani mwenyewe kwa Kinorwe cha mama yake. Alidondokea ndani, akasimama, akajipangusa, akaenda moja kwa moja nyuma ya trela.

Alivuta kwanza ule utepe wa plastiki unaofunika skrubu za mkanda. Alichokiona kikamtia moto. Kila kichwa cha skrubu kilikuwa kimezungukwa na mikwaruzo, bisibisi imeteleza huku na huku, mkanda wote umechubuka. LaVonne hakuwahi kukwaruza mkanda maishani mwake. "Ulikuwa na haraka, eh?" alisema Ardis kwa sauti. "Ulikuwa na haraka ya kuficha." Akazifungua zote, akaung'oa mkanda, akapenyeza vidole chini ya bati na kuvuta.

Sasa, bati la nyuma la trela hizi halitolewi na mtu mmoja, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Ardis. Mmoja anashika juu, mmoja chini, wanalishusha pamoja kama shuka. Lakini hasira haina subira. Alivuta peke yake, gundi ikaachia upande mmoja tu, bati likajipinda katikati na kukunjika. Alumini ikishakunjwa hainyooki tena. Ardis alilisikia likilia, akajua amefanya nini, na bado akavuta.

Kisha akatazama ndani.

Ubao wa chini ulikuwa mpya. Mweupe, mkavu, umekatwa kwa kipimo kisichopishana hata unywele. Alitoa msharasi akachoma, ukagoma. Akachoma kona, ukagoma. Akapanda mpaka dirishani, akachoma kila mahali kama mwendawazimu, na kila mahali ukagoma. Hakukuwa na uozo hata wa kujaza kucha.

Hapo ndipo alipoviona vitundu. Kando ya kila skrubu palikuwa na vitundu vingine, viwili, vitatu, mahali ambapo ncha ya drili ilikosea ikaenda pembeni. Na kila kitundu kilichokosewa kilikuwa kimezibwa na kijiti chembamba, kikatiwa gundi, kikapigwa msasa mpaka kikalingana na ubao. Mistari ya penseli ilikwenda ikiyumba, ikafutwa, ikachorwa upya, ikayumba tena. Ukuta mzima hivyo. Aliyeufanya hakuwa na haraka. Alikuwa akikosea na kurekebisha, akikosea na kurekebisha, na hakuacha kosa hata moja nyuma yake.

Ardis aliitazama ile kazi, akakumbuka mikono iliyokaa mifukoni. Kahawa. Samaki. Akakaa chini kwenye saruji.

Alikuwa bado amekaa pale kufuli lilipofunguliwa. LaVonne aliingia peke yake, akaona bati, akamwona yeye.

"Umepata ulichokuwa unatafuta?" aliuliza.

"Ni mzima," alisema Ardis. "LaVonne, ubao ni mzima."

"Najua ni mzima. Mimi ndiye niliyeuweka."

Akaitoa mikono mifukoni. Wa kulia ulikuwa unatetemeka, wenyewe tu, vidole vikisuguana kana kwamba anahesabu sarafu. Aliushika kwa wa kushoto, na wa kushoto nao ukaanza.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi. Leo daktari ameniambia ndio wenyewe, ule ugonjwa wa kutetemeka, hauponi."

"Mbona hukuniambia? Mimi ni nani kwako?"

"Ningekwambia ungeanza kunipima," alisema LaVonne, na sauti yake haikuwa na ugomvi, ilikuwa imechoka. "Ungepita nyuma ya kila skrubu yangu. Nakujua. Nikasema, huu mmoja nitaufunga mwenyewe, wote, kabla mkono haujaniacha. Halafu siku ya maonyesho usimame mbele yake uuone umefungwa vizuri, ndipo nikwambie. Nilitaka hicho tu."

Ardis aliinuka, machozi yanamtiririka, hata hakuyafuta. "Tutaufunga tena. Leo hii. Nitalinyoosha bati, nitakushikia, wewe utaweka skrubu, hata tukichukua mwezi..."

"Ardis." LaVonne alilitazama lile kunjo la bati. "Mkono uliofunga ukuta huu haupo tena. Ugonjwa umezidi tangu wakati ule. Hata leo asubuhi Emil ndiye aliyenifunga vifungo."

Nje pikapu lilikuwa likiunguruma, Emil akingojea. 

"Ulikuwa umefungwa vizuri," alisema Ardis. "Haki ya Mungu, LaVonne. Sijaona ukuta uliofungwa vizuri kama huu."

LaVonne alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, midomo ameibana.

"Asante," alisema. "Sasa nenda nyumbani kwako. Kesho sijui, lakini leo nenda tu."