Dakika Sita za Kubadilisha Treni

Karani wa tiketi katika stesheni ya Linz huchonga penseli kwa kisu kidogo kabla ya kumsikiliza mteja, kisha hupuliza vumbi lake. Huongea chini chini, kama aliye karibu na mtoto aliyelala. Mteja wa leo, Gebhard, alimpa kwa majivuno mpango wa safari ya kuadhimisha miaka arobaini ya ndoa, kutoka Linz kupitia Zürich hadi Barcelona kwa treni, raha mustarehe. Penseli ikasimama.

"Dakika sita za kubadilisha treni, bwana? Na mama yule pale kwenye benchi?"

"Mke wangu, Roswitha? Atakaza mwendo. Kashanizoea."

Karani alichungulia kupitia kioo cha dirisha, akamwona Roswitha akisugua goti. "Hebu mpeleke hadi jukwaa la mwisho, kwa mwendo wake, kisha uje uniambie."

Gebhard alicheka, akaenda. Njiani walipumzika mara mbili. Roswitha hakulalamika, alimwomba radhi kwa kumchelewesha, kama afanyavyo kila safari, ila leo Gebhard alimsikia. Aliporudi dirishani hakuweza kuinua macho.

"Dakika kumi na saba," alisema.

Karani alifuta ile sita taratibu, akapuliza karatasi, akaandika saa nzima.