Mlango Uliojibu

Miaka ile ya soko huria, kila kitu kilipokuwa kinauzwa au kinafungwa, nilikuwa na chumba cha intaneti Newala, chenye kompyuta kuukuu na laini moja ya simu iliyokatika ilivyotaka. Watu walileta anwani za barua pepe walizofunguliwa na ndugu zao wa mbali. Ukiwauliza seva, yaani mtambo wa kupelekea barua, ni ipi, wanakutazama kana kwamba umewatukana. Mimi sina subira, nikaandika programu ya kuibahatisha.

Inachukua anwani, inatupa kilicho kabla ya alama ya @, inabaki na jina la mwenye mtambo. Mbele ya jina hilo inabandika "smtp", inapiga hodi. Kimya? Inabandika "mail", inapiga hodi tena. Mtambo ukijibu kwa tarakimu 220, hiyo ndiyo "karibu" yake, na barua inaondoka. Nilijivunia mno.

Asubuhi moja wakaja mume na mke kutoka njia ya Tandahimba. Niliwaamkia, wakaitikia marahaba kwa sauti za watu wasiolala. Mtoto wao wa kiume alikuwa amelazwa, mguu umeoza kuanzia kifundoni, na madaktari walitaka kuukata kabla sumu haijapanda.

"Si uweke sahihi, baba?" nikamwambia mume.

"Mie baba tu. Mwenye mtoto njomba wake. Mguu ukatwe hajui, nitamtazamaje?"

Huku kwetu ndivyo ilivyo: mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno. Mjomba huyo alikuwa karani Dar es Salaam, katika kampuni ya usafirishaji, na ndiye aliyemfungulia dada yake anwani hapohapo kazini kwake. Simu ya ofisi iliita tu bila kupokelewa. Ikabaki barua pepe.

Nikachapa maneno ya mama, nikaiachia programu. "smtp" kimya. "mail" ikajibu. Kioo kikaandika: Imepokelewa. Mama akashika kifua, akamshukuru Mungu.

Mimi nikaona kitu nisichokipenda. Baada ya 220 mtambo hujitaja, na jina lililotajwa halikuwa la kampuni ile. Programu ilisoma tarakimu tu. Nikawaambia palepale: kampuni hii imeuzwa, mlango wameitikia wageni, tumeni mtu kwa basi akamtafute.

"Lakini imepokelewa," baba akasema, akigusa kioo kwa kidole.

"Imepokelewa na mashine!"

"Basi kapokea. Anafikiri. Mkubwa haharakishwi."

Nikapandisha sauti, hata nikawaita wajinga. Mama akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekosa malezi. Mjomba akinyamaza, kwao ni kwamba anapima neno lake, na kumpelekea mjumbe baada ya barua ni kumwambia hafai. Wakarudi wodini kungoja.

Kila asubuhi baba alikuja, nikafungua sanduku la barua pepe, tupu. "Hajamaliza kufikiri," alisema, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Nikatuma tena. Mtambo ukapokea tena, kwa adabu ileile. Nilianza kuuogopa. Mwishowe, bila kuwaambia, nilimpa ujumbe kondakta wa basi la Masasi liendalo Dar, akaulize pale ilipokuwa kampuni.

Kisha baba akaacha kuja.

Kondakta alikuwa amempata. Kampuni iliuzwa zamani, mjomba akaachishwa. Alikuwa anatembeza mitumba, na aibu ilimzuia kuwaambia nyumbani. Nilikuwa kwenye msiba wa mtoto mjomba alipoingia uani na vumbi la safari, akapiga magoti mbele ya dada yake.

"Mbona hamkuniambia? Ningesema wakate siku ileile!"

Mama hakulia. "Tulikwambia, kaka," akasema. "Ukapokea. Tukakungoja."