Shikamoo Niliyoirudia Mlimani

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikianza sitaki mtu anikatishe. Aibu hii naijua mwenyewe, na mpaka leo nikipita uwanja wa Mogitu natembea nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Huku kwetu Gendabi wameshanibatiza upya, naitwa Dada Shikamoo, hata na watoto wa chekechea ambao siku hiyo walikuwa mgongoni mwa mama zao.

Kwanza mnielewe mimi na mlima. Si mwanariadha (miguu yangu mifupi, kwenye tambarare hata bata ananiacha), lakini kupanda, jamani, kupanda ndiko kwenye raha yangu. Tuko watatu, mimi, Martina niliyesoma naye, na Safari, fundi pikipiki ambaye mdomo haupumziki hata akiwa anahema. Alfajiri kabla ya shamba tunaukamata mlima Hanang kwa mguu wake wa huku kwetu, kifua kinawaka, Safari anasimulia upuuzi wake, Martina anamwambia anyamaze atunze pumzi, na tukifika pale ambapo mawingu yako chini yetu tunakaa kwenye majani yenye umande tunacheka tu, ukituuliza tunacheka nini hakuna anayejua. Raha hiyo sijaipata popote, hata harusini.

Sasa harusi ndiyo habari yenyewe. Samweli wa kule Gehandu alikuwa ananiposa, nami nilimpenda, sifichi. Msemaji wa ukoo wao ni baba yake mkubwa, Mzee Gwandu, mtu wa maneno machache, na neno moja kati ya hayo machache lilikuwa limeshanifikia kupitia mshenga: "Binti wa mbio, nyumbani atatulia kweli?" Walikuwa waje kwetu Jumapili. Mbio za vijana za kupanda mlima zilikuwa Jumamosi. Samweli akaniomba kwa upole, Vero, wiki hii pumzika tu, nikamwambia nimekusikia, na kweli nilimsikia, ila Jumamosi nikaamka nikavaa viatu.

Zawadi ilikuwa mbuzi. Tulianzia uwanjani Mogitu, tupande mpaka kwenye mwamba ulipochomekwa bendera, na njiani waliombwa wazee wakae na ndoo za maji wawape wakimbiaji (wazee gani, hakuna aliyenitajia). Filimbi ikalia, Safari akachomoka na ukungu ukammeza, mimi nikawa wa pili, Martina ananihemea shingoni, na nyuma yetu kundi zima. Nilikuwa najisikia vizuri, nasema ukweli, nilikuwa najiona mimi ndiye mimi.

Nikakata kona moja yenye jiwe kubwa, na nani amekaa pale na ndoo na kikombe cha plastiki? Mzee Gwandu.

Moyo ulinishuka mpaka kwenye soksi. Suruali ya mazoezi imenibana, khanga yangu nimemwachia mama kule chini, pumzi sina hata ya kutema mate, na mnajua kwetu mzee haamkiwi kwa kupita kama upepo, unasimama, unainama, unasubiri aitikie, akuulize za nyumbani, na mimi nikisimama kwenye mwinuko ule miguu inaganda siondoki tena. Basi nikaamua jambo dogo tu. Niligeuza uso upande wa pili, nikajifanya naangalia msitu, nikapita. Kikombe alikuwa amekinyoosha mkononi, na nilihisi macho yake yananifuata mgongoni mpaka nilipopotea kwenye ukungu.

Kuanzia hapo sikuwa napanda tena, nilikuwa nabeba mzigo. Kila hatua naiona Jumapili, namwona mzee amekaa sebuleni kwetu anamweleza baba yangu kwamba mwanao alinipita kama kisiki, namwona mama anakosa pa kuweka uso. Martina akanifikia, akaniuliza yule si baba mkubwa wa Samweli, nikamwambia ndiye.

"Umemwamkia?"

Nikainamia viatu vyangu.

"Basi, Vero, kesho hakuna posa."

Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha, na ndiyo maana liliniingia. Nikageuka. Nikaanza kushuka mbio kumrudia mzee, nimtake radhi kabla hajalilaza moyoni, na hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote.

Hebu fikirieni mnapanda kwenye ukungu, halafu aliyekuwa wa pili anatokea juu anashuka mbio, macho yamemtoka, anatweta. Wa kwanza kukutana naye akaniuliza kuna nini, nami pumzi sina, nikampungia mkono anipishe njia. Yeye akaelewa ninamwambia arudi. Na mlima wetu huu uliwahi kutushushia matope yakazika nyumba na watu, kwa hiyo huku mtu akishuka Hanang mbio hatuulizi mara mbili. Akageuka. Wa nyuma yake naye akageuka. Mtu akapiga kelele "Matope!" na mlima mzima ukaanza kushuka.

Nilipofika kwenye kona ya jiwe, mzee hayupo. Ndoo imelala ubavu, na katambuga lake moja la tairi limebaki njiani. Nikaliokota, nikaendelea kuteremka huku naita, simameni, subirini, hakuna kitu, lakini sauti yangu ilikuwa imekwisha, yalikuwa yanatoka makelele tu, na kila nikiita wao wanaongeza mwendo. Mbele yao wote nililiona shuka la Mzee Gwandu linapepea. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akikimbia vile, na wala sikumfikia.

Uwanjani chakula kilikuwa kimemwagika, akina mama wamebeba watoto, na mama mmoja amekaa chini analia, anawataja wanawe jina kwa jina mpaka akawaona wote. Hapo aibu iliacha kuchekesha. Nilitamani ardhi inimeze, halafu nikaogopa hata kutamani hivyo.

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti akauliza nani ameona matope. Huyu akamnyooshea kidole yule, yule akamnyooshea mwingine, vidole vikazunguka mpaka vikaniangukia mimi nimesimama na katambuga mkononi. Akanipa kipaza sauti.

"Hakuna matope," nikasema. "Nisameheni. Nilimpita mzee bila kumwamkia, nikawa narudi kumwamkia."

Mmoja akacheka, na uwanja mzima ukafuata, hata yule mama alicheka huku anafuta machozi. Mzee Gwandu hakucheka. Nikaenda mpaka alipokuwa, nikapiga magoti, nikamwekea katambuga lake mguuni.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba," akasema, bado anahema. "Wewe ni nani?"

Kumbe mzee wa watu haoni mbali, macho yamemchoka, pale kwenye jiwe alikuwa akisikia hatua ananyoosha kikombe, anayechukua achukue. Hakuniona nilipopita. Hakuna aliyekuwa ameniona. Ikabidi nijitaje kwa mdomo wangu mwenyewe, na kipaza sauti bado kiko mkononi hakijazimwa: "Ni Veronika. Yule wa kesho."

(Safari alishuka saa nyingi baadaye amenuna, alikuwa juu ya mwamba muda wote huo anamsubiri wa pili, kumbe hata Martina alishushwa na kelele za matope. Mbuzi akapewa yeye.)

Jumapili walikuja. Mzee aliingia anachechemea, mguu umevimba, akakaa, chai hakugusa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Baba akaanza kuomba radhi, mzee akainua mkono akamkatiza.

"Niliuliza kama huyu binti atatulia. Sasa nimejua. Hatulii."

Nilimsikia mama akishusha pumzi.

"Lakini anarudi," mzee akasema. "Mwiteni aje aniamkie, leo nimekaa, sina pa kukimbilia."

Nililia nikiwa nimepiga magoti, nikashindwa hata kulimaliza neno lenyewe, na akaliitikia hivyo hivyo nusu.

Mbio sijaacha, na Samweli siku hizi ndiye anayenishikia khanga. Lakini nimeapa, mlimani pumzi yangu ya kwanza ni ya salamu, yangu mwenyewe itafuata baadaye. Kwenye ukungu nikiona kitu kimeinama kando ya njia sisubiri kujua ni nani, naamkia. Mara nyingi ni kisiki, na Safari huwa ananiitikia kwa niaba yake.