Siku Arlys Brekke Alipokasirika

Wifi yangu Arlys Brekke hajui kugombana, na hilo limenikera tangu nilipoolewa na kaka yake. Ukimkanyaga mguu, anayeomba radhi ni yeye. Watu wa mji wetu, Torvik, wote ndivyo walivyo. Hapa Minnesota mtu ataunguliwa na nyumba na bado atamwambia jirani kwamba angalau leo kuna joto. Mimi nilizaliwa hapahapa, lakini kwenye ulimi Mungu alininyima upole, basi mambo haya acha niyaseme mimi.

Arlys alipeleka barua mashambani maisha yake yote ya kazi. Huko aliona jinsi watu wanavyokaa peke yao majira ya baridi, madirisha yamezibwa, chupa iko mezani. Mmoja wao alikuwa kaka yake mkubwa, Orrin, shemeji yangu. Alikufa mwezi wa kwanza, na ardhi ilikuwa imeganda hata tukangoja masika ndipo tukamzika. Baada ya mazishi Arlys alibandika tangazo posta: mwenye chombo chochote cha muziki aje Jumanne jioni kwenye chumba cha chini cha kanisa. Akaja daktari wa meno na zumari lake, wakaja walimu, wafugaji wa ng'ombe, na bibi mmoja aliyebeba tarumbeta ya marehemu mumewe. Hiyo ndiyo ikawa okestra yetu, na kanuni ilikuwa moja tu: mwenye chombo ana kiti. Arlys akawa kiongozi wa fidla, yule anayekaa kiti cha kwanza kando ya mwongozaji. Mimi nikawa mpika kahawa, maana sikio langu halitofautishi wimbo na mlango usiotiwa mafuta.

Lowell Stenerud, fundi wa majiko ya kupashia nyumba joto, alikaa safu ya mwisho ya fidla. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kushoto, na mwaka huohuo mkewe akafariki. Watoto wake walimshauri apumzike. Arlys alimfuata kwa gari, akambeba na fidla yake. Vidole havikumtii tena, basi akawa anapiga nyuzi tupu, zile zisizobanwa kwa kidole, pale zinapohitajika, na kwingine kote anafungua kurasa. Wapiga fidla hukaa wawiliwawili mbele ya karatasi moja ya nota, na lazima mmoja aache kupiga ili afungue. Lowell alifungua kwa wakati wake, na taratibu akaanza kucheka tena. Kama okestra ya mji mdogo haina kazi hiyo, basi niambie ina kazi gani.

Mwaka jana mwongozaji wetu mzee alistaafu, na kamati, mwenyekiti wake Curtis Haldorsen, muuza bima, ikamleta Bwana Prescott Vane kutoka jijini. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji tukaugua. Alitaka kiwango kipande. Akapendekeza usaili: kila mtu apige nyuma ya pazia, asiyefaa atolewe, na nafasi yake apewe mpigaji wa kulipwa.

Mkutano ulifanyika chini ya kanisa, mimi nikiwa jikoni na mlango wazi.

"Kuna anayepinga?" Curtis aliuliza.

Watu wakakoroga kahawa.

"Ni wazo la namna yake," alisema daktari wa meno. Torvik hakuna tusi kubwa kuliko hilo, lakini Bwana Vane angejuaje? Alimshukuru. Kisha mikono ya kukubali ikapanda, mmoja baada ya mwingine. Kila mtu alikuwa anamngoja jirani yake akatae, kwa sababu kumpinga mgeni usoni ni kukosa adabu. Na mkono wa Arlys ukapanda.

"Wewe pia?" nilimuuliza tukiosha vikombe.

"Wengi walitaka, wifi."

"Hakuna hata mmoja aliyetaka. Mtu anawavua nguo, nyinyi mnamshikia koti lake asichafuke?"

Aliendelea kufuta kikombe kilichokwisha kukauka.

Lowell alipiga nyuma ya pazia na akaanguka usaili, pamoja na nusu ya safu za nyuma. Wenzake walipigiwa simu kuambiwa wametolewa. Yeye hakupigiwa. Curtis alidhani Arlys atamwambia, maana ni rafiki yake. Arlys alidhani hiyo ni kazi ya mwenyekiti. Majuma ya mazoezi Lowell alikuwa mjini Fargo anatibiwa nyonga, na alituma salamu kwamba tamasha hakosi, nyuzi tupu hazihitaji mazoezi. Salamu zikapokelewa. Hakuna aliyefungua kinywa.

Jumapili ya tamasha akaingia jukwaani na suti nyeusi, tai, fimbo na fidla. Kwenye kiti chake alikaa mwanamke wa jijini. Lowell akatabasamu, akidhani amekosea safu, akaanza kutafuta upande wa pili. Watu aliowatengenezea majiko kwenye baridi ya kuua waliinamia nota zao kana kwamba ndiyo kwanza wanaziona. Nilikuwa nimekaa mbele ukumbini, nikatamani kuvua kiatu niwarushie.

Ndipo Arlys akainuka. Akabeba kiti chake, kile cha kwanza, akapita nacho katikati ya fidla zote hadi nyuma kabisa.

"Sogea kidogo, mama," alimwambia yule mgeni. "Wewe huna kosa. Lowell, kaa."

Lowell akakaa. Arlys akasimama kando yake.

Bwana Vane akaingia huku watu wanapiga makofi, mkono ameunyoosha mbele, kwa maana mwongozaji humpa mkono kiongozi wa fidla kabla ya jambo lolote. Akakuta hakuna kiongozi wala kiti. Mkono ukabaki hewani mpaka makofi yakaisha.

"Bibi Brekke," akasema, "kiti chako."

"Kina mtu."

Hakupaza sauti, lakini ukumbi mzima ulisikia. Nilingoja wengine wainuke. Hakuinuka hata mmoja, na sijawasamehe. Wakapiga muziki wao, na wanaojua wanasema ulikuwa mzuri. Arlys alifungua kurasa akiwa amesimama, mwanzo hadi mwisho.

Baadaye Curtis alimjia ukumbini na kikombe cha kahawa. "Basi, Arlys, haya tutayazungumza kikao kijacho."

"Hapana. Niangalie, Curtis. Nimekasirika."

Curtis aligeuka nyuma, kama aliyedhani anaambiwa mwingine.

"Nimewakasirikia nyinyi," Arlys aliendelea, "nimejikasirikia mwenyewe, na huyo Bwana Vane wako hata sijamfikia."

"Sasa unataka nifanye nini?"

Lowell alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, fidla mapajani, anatutazama. Alikuwa amekwisha kuelewa kwamba alitolewa.

"Nenda ukamwambie Lowell aje mazoezini Jumanne, kama kawaida," Arlys alisema. "Mwambie wewe, kwa mdomo wako, huku mimi nasikia."

Curtis akaenda, kahawa ikimwagika, nami nikamfuata nyuma asije akageuka njiani.