Jina Nililolificha Newala

Mwanangu, weka begi chini kwanza, ukae hapa. Gari lako ni la kesho, nami sitakuchelewesha.

Nakumbuka asubuhi niliyopanda lori la Newala peke yangu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, fundi cherehani wa Lisekese. Mama alinisindikiza mpaka barabarani, na njia nzima alikuwa akinitajia watu wa kuwaogopa. Utingo nisimwamini. Mwanamke atakayenichekea sana nisimwamini. Chakula cha mtu nisile kabla hajakila mwenyewe. "Na jina lako," akasema, "si la kugawa ovyo."

Usimcheke mama yangu. Mwaka ule kijijini alikuwa amekuja kijana mmoja mtanashati, akasema ni fundi wa redio kutoka Dar es Salaam. Miaka ile ilikuwa ya ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu. Kila siku ilileta mgeni na biashara yake, na sisi tuliozoea duka moja la ushirika tulikuwa tunashangaa tu. Yule kijana akalala kwa shangazi yangu siku nne, akala, akacheka na watoto, kisha akakusanya redio za nusu ya kijiji akazitengeneze Masasi mjini. Hadi leo hazijarudi. Shangazi alikaa mwezi mzima akigeuza kichwa kila aliposikia baiskeli. Tangu hapo, kwetu mgeni akikusalimia vizuri unajiuliza anataka nini.

Mimi nilikuwa nakwenda Newala kuuona mji. Sikuwa na ndugu kule. Masasi marobota ya mitumba yalikuwa yameanza kufunguliwa kila gulio, na watu waliokuwa wakiniletea vitambaa niwashonee wakawa wanapita mbele ya baraza letu wamevaa magauni ya Ulaya. Nikasikia Newala mafundi bado wana kazi. Nikamwomba baba ruhusa niende Jumatatu nirudi Jumamosi, nitazame kwa macho yangu. Mama alikataa. Baba alinitazama sana, kisha akasema, "Mwache Somoe akaone." Baba yangu hakuwa msemaji. Hayo kwake yalikuwa maneno mengi.

Lori lilipanda mlima wa Makonde likihema, likazama mchangani mara mbili, sote tukashuka kusukuma. Nilifika jioni, nimechubuka kisigino, vumbi mpaka kwenye nyusi, na baridi ya kule juu ikanishika kama sikuvaa kitu. Nikaenda gesti iliyokuwa karibu na stendi. Chumba nilichoonyeshwa mlango wake haukuwa na komeo. Yule mhudumu akacheka, "Hapa hakuna wezi, dada." Nikaondoka nikijiambia kwamba anayeanza kutaja wezi anawajua.

Karibu na hapo alikuwepo mama mmoja akiuza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, mbele ya nyumba yake. Mama wa makamo, chale usoni za zamani, sauti nzito. Alikuwa na mwenzake, wakinitazama na kuongea Kimakonde. Mimi Myao, nilikuwa nashika neno moja nakosa matatu. Nikaona wanatazama chini, upande wa begi langu, wanatikisa vichwa. Nikalikumbatia.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Weye binti, unalala wapi?"

Nikasema nina ndugu zangu. Akauliza ndugu gani, wanakaa wapi. Nikababaika.

"Huna ndugu," akasema. "Kuna chumba cha binti yangu Tatu, ameolewa Tandahimba. Utalala humo. Unaitwa nani?"

Hapo ndipo, mwanangu. Swali dogo kiasi kile. Nikamtazama usoni nikajibu, "Rehema. Natoka Lindi."

Na uongo ukishatoka mara moja unakuwa mwepesi. Kwa mafundi wa sokoni nikawa Rehema wa Lindi. Kwa mwenye duka la nyuzi, Rehema wa Lindi. Nilijiona mjanja kweli.

Nyumbani kwa Mama Tatu nilikuwa natega jicho kwa kila kitu. Akinipa maji nilisubiri anywe yeye kwanza, na ujue kwamba maji Newala wakati ule yalikuwa kitu cha kutunza. Alikuwa anachota kidogo kidogo kutoka kwenye kisima cha kuvunia mvua, nami nakaa nayo mkononi nikimtazama mdomo. Nililala na mkasi wangu chini ya mto. Asubuhi nilipokunja mkeka ukaanguka mbele yake. Akauokota, akaujaribu ukali kwa kidole.

"Mkasi mzuri," akasema. "Huu ni wa kushonea au wa kunichoma mimi?"

Nikaona aibu, ila sikubadilika. Alinipa majani aliyoyaponda, akasema niweke kisiginoni. Ndipo nikajua jana yake walikuwa wanaongea nini na mwenzake. Hata hivyo moyoni nikasema, anajipendekeza huyu, hata yule wa redio alianza hivihivi.

Jumatano nikaenda Shimo la Mungu. Nilikuwa nimesikia habari zake tangu mdogo. Unafika mahali ardhi imekatika, chini kabisa nchi imelala, na mbali sana unaambiwa ule mstari ni Ruvuma na ng'ambo yake ni Msumbiji. Nilisimama nikiwa na furaha ambayo sijui kuieleza. Mtu wa kwanza katika nyumba yetu kufika pale, na nimefika kwa miguu yangu.

Nikasikia nyuma yangu, "Dada, umependa?"

Mwanamume, shati la mikono mirefu, viatu vya kung'aa. Akasema aliniona sokoni. Akauliza natoka wapi, niko na nani, nimefikia nyumba ya nani. Kila swali kwa tabasamu. Nikajibu mawili, nikageuka nikaondoka haraka, naye akawa anakuja nyuma yangu, si karibu, si mbali, mpaka nilipofika kwenye nyumba za watu. Nilipogeuka tena hayupo. Sijui hadi leo alikuwa mtu wa namna gani. Inawezekana alikuwa mkazi tu anayependa maongezi, na njia ni ileile moja. Inawezekana pia siyo. Kwa huyo sijilaumu. Kuondoka niliondoka vizuri.

Kosa nililifanya nilipofika nyumbani. Mama Tatu aliniona ninavyohema, akauliza kulikoni. Badala ya kumweleza jambo lilivyokuwa, nikaogopa: nikimwambia nilikwenda kule peke yangu ataniuliza zaidi, na nikianza kujibu, Rehema wa Lindi ataanguka. Nikatunga.

"Kuna mwanamume ananitafuta, mama. Akija mtu yeyote kuniulizia, sema sipo. Hata akisema ni ndugu yangu. Sina ndugu mwanamume."

Mama Tatu akaniangalia kama anayesoma maandishi madogo. "Sawa," akasema. "Hapa hapiti."

Mchana wa siku iliyofuata, Alhamisi, nilishinda kwenye baraza la mafundi. Walikuwa wameniachia cherehani moja nishone kola waone mkono wangu, nao wakaridhika, na mzee wao akaniambia nikihamia Newala nafasi ipo. Nilirudi alasiri natembea juu juu kwa furaha. Mama Tatu alikuwa ameketi mlangoni, hajapika.

"Amekuja," akasema.

"Nani?"

"Mtu wako. Nimemfukuza kama ulivyotaka."

Nikashukuru, nikauliza ana viatu vya kung'aa? Akasema hapana, alikuwa pekupeku, ndara moja imekatika ameishika mkononi. Kijana mrefu, ana kovu kwenye kidevu. Stendi walimwambia msichana mwenye mwanya aliyeshuka Jumatatu aliingia nyumba hii.

Kovu la kidevuni, mwanangu, ni la kaka yangu Bakari. Alianguka kwenye mkorosho tukiwa watoto, mimi nikimtazama.

"Alisema anamtafuta nani?" nikauliza.

"Alisema anamtafuta dada yake, Somoe binti Issa, wa Lisekese. Nikamwambia Somoe simjui, hapa hajafika. Akasema baba yao amepelekwa hospitali ya Ndanda, mwili umekufa upande mmoja, anamtaka huyo Somoe. Alilia. Nikasema moyoni, wanaume wakitafuta mwanamke hawakosi machozi. Nikachukua mchi nikamwambia ondoka." Akanitazama. "Nimesikia amekwenda kuuliza kwenye duka la nyuzi, nako wakamwambia Somoe hawamjui. Amepanda lori la saa nane."

Nikakaa chini pale pale mlangoni. Nikasema, "Mama, Somoe ni mimi."

Alisimama, akaingia ndani, nikasikia anaweka vitu vyangu kwenye begi. Jioni ile gari halikuwepo. Alfajiri alinipeleka stendi mwenyewe, akagombana na dereva mpaka nikapata nafasi mbele.

Nilifika Ndanda jioni ya Ijumaa. Mama alikuwa nje ya wodi, amejifunika kanga. Aliponiona alishika mdomo. Bakari aliinuka, akanitazama, akatoka akaenda kusimama barabarani.

Baba alikuwa anaongea mpaka Alhamisi usiku. Hilo ndilo lililonikata maini. Kwa siku mbili aliweza kuongea, taratibu, kwa upande mmoja wa mdomo, na aliuliza, "Somoe amefika?" Bakari aliporudi akamwambia ukweli aliokuwa nao: Newala nzima hakuna anayemjua Somoe. Baba akafumba macho. Kabla ya alfajiri ugonjwa ukampiga mara ya pili, na sauti ikaondoka.

Kwa hiyo nilipoingia alinitazama tu. Jicho moja likatoa chozi. Nilimshika mkono ule mzima, akanibana vidole vikauma. Midomo ilitaka kusema kitu, ikajaribu, ikaacha. Nikamwambia, "Baba, nipo. Sikupotea." Nilisema hivyo mara nyingi sana, sijui kama yalimfikia. Nilikaa naye siku nne. Siku ya tano tukamzika Lisekese.

Mama hakuwahi kuniuliza iweje Newala hawakunijua. Bakari aliniuliza mara moja, nikamweleza yote, akasema, "Mimi nililia mbele ya yule mama, Somoe." Basi. Ilichukua miaka kaka yangu kuniita tena kwa utani.

Baada ya arobaini nikarudi Newala. Nilimkuta Mama Tatu palepale na ming'oko yake. Nikapiga magoti nikamsalimu, nikamwambia kila kitu tangu redio za shangazi. Alikasirika, mwanangu. Nilidhani atanipokea kwa upole, lakini alikasirika.

"Nimefukuza mtoto wa watu kwa mchi," akasema. "Baba yake anakufa, mimi namfukuza. Nilikaa mlangoni nikijisifu nimelinda binti wa mwenzangu. Weye ungenipa jina lako tu. Sikukuomba kingine."

Nikalia. Hakunibembeleza. Akaendelea kupanga ming'oko yake, kisha akauliza, "Baba yako aliitwa Issa nani?"

"Issa Ali."

Akajifuta mikono kwenye kanga, akainua viganja, akamwombea Issa Ali wa Lisekese mlangoni kwake, kwa jina lake kamili, watu wakipita. Nami nikaitikia amina.

Sasa wewe kesho unakwenda Mwanza, mji usioujua, huna ndugu. Umejaza kichwa hadithi za matapeli, na nyingine nimekupa mimi mwenyewe. Sikwambii uziache. Penye mlango usio na komeo usilale. Mtu akikufuata, ondoka, wala usione haya kuonekana mwoga. Chumba, pesa, safari yako ya kesho, hayo si ya kumweleza kila anayekuuliza.

Ila mtafute mtu mmoja. Mtazame siku mbili, tatu, uone anavyosema na majirani, anavyoishi na wa nyumbani kwake. Ukishamwona, mpe jina lako, la kwako na la baba yako, na umwambie unakotoka. Tena nyumbani utuachie jina lake na nyumba yake ilipo. Mimi nilidhani nikijificha nimejilinda. Kumbe nilijificha kwa watu wangu pia, na yule niliyemshuku ndiye aliyenishikia neno langu kama lilivyo, likaniumiza kwa sababu lilikuwa la uongo. Ukiwa na wasiwasi na mtu, nyamaza au ondoka. Usimtungie. Huwezi kujua uongo wako utamkuta nani mlangoni.

Haya, inuka. Mungu akufungulie njia, akukutanishe na watu wa kheri kabla ya wa shari, na akupe macho ya kuwatofautisha. Popote utakapokuwa, siku tukikuhitaji, tukikuita tukupate. Amina, mwanangu. Nenda kalale.