Lebo ya Pili Chini ya Nzi

Shangazi yangu ametumia miaka thelathini na moja akitunza nzi waliokufa kwenye makumbusho, na anayetaka kucheka acheke. Sisi nyumbani tulimwita Bibi Nzi, naye alicheka kutuzidi. Kila nzi amechomwa pini, na chini yake ipo lebo ndogo kama ukucha: alikamatwa wapi, lini, na nani.

Mwaka wake wa mwisho kazini akaja mtaalamu kijana. Alizinakili lebo za nzi wa matunda kwenye kompyuta, akachanganya na takwimu za mvua, joto na mwinuko, ikatoka ramani ya mahali nzi hao wanapoweza kuishi. Rangi nyekundu ikaufunika mji wetu wa bondeni, na joto lake lile la kukaanga watu! Mitego ya nzi ya kuwasaidia wakulima ingepelekwa huko wiki ileile.

Shangazi aliiona ramani. Jioni akanieleza. Nzi mia mbili na kumi na nne aliwaandika yeye, enzi za usichana wake. Alinunua mapera sokoni, akayafungia kwenye mitungi, nzi wakatoka, akaandika jina la soko letu la bondeni. Kumbe muuzaji alikwisha kumwambia mapera yametoka milimani, na milimani ndiko wakulima walikokuwa wakilia kwamba nzi wanawaharibia matunda.

Nikamwambia anyamaze. Miezi mitatu tu astaafu kwa heshima zake, ya nini kujiaibisha? Yaliyopita si ndwele. Akanijibu kwamba mitego ile ndiyo yajayo yenyewe.

Asubuhi akamwendea mtaalamu.

“Mwanangu, hao nzi sikuwakamata. Niliwanunua pamoja na mapera.”

Kijana wa watu, muungwana, akasema atarekebisha kwenye kompyuta kimyakimya, hakuna atakayejua. Ramani mpya ikahamia milimani, mitego ikafuata. Lakini kimyakimya shangazi alikataa katakata. Kwao lebo ya zamani haing’olewi. Ukikosea, unaongeza nyingine chini yake. Akaandika moja moja: mapera ya milimani, kosa langu, na jina lake kamili. Nilimwonea fahari mpaka machozi.

Siku ya kumuaga, mkubwa wao akamsifu mbele ya wote kwamba hajawahi kukosea. Shangazi akasimama.

“Nimekosea mara mia mbili na kumi na nne,” akasema, “na zote nimezitia sahihi.”