Myahudi wa Kitanda cha Nne

Mugambi alikuwa ameshawachosha Wakenya wote wa Doonside, huko ughaibuni, na habari zake za Mbwaa, kisiwa cha asili katika masimulizi ya kabila lake: kwamba Wameru walitumikishwa huko na watu wa Nguo Nyekundu, wakatoroka, bahari ikawapasukia kama ilivyompasukia Musa, kwa hiyo wao ni Wayahudi waliopotea. Miaka sita alisaka ushahidi. Kanisani watu wakimwona tu, wanakumbuka wameacha chungu motoni. Mkewe alishajiendea zake zamani, wala Mugambi hakumlaumu.

Basi alipovunjika nyonga akipanga mizigo kwenye ghala moja mtaa wa St Marys, nesi Mkenya aitwaye Chebet alimjazia fomu ya hospitali. Palipoulizwa dini, Mugambi akasema, "Andika Myahudi."

"Mzee, wacha jokes. Si Sunday mko pamoja na aunty yangu pale Methodist?"

"Andika tu, mwanangu. Please."

Chebet akaandika, akitikisa kichwa.

Siku ya tatu alikuja bibi mmoja aitwaye Estelle, aliyejitolea kuwatembelea Wayahudi waliolazwa. Akavuta kiti, akauliza nyonga inaendeleaje. Tangu Mugambi alazwe kitanda cha nne, hakuna aliyekuwa ameketi kwenye kiti kile. Kesho yake akaja tena, na siku iliyofuata. Waliongea habari za baridi, magoti na supu. Historia Mugambi hakuigusa, mtu yule yule aliyewatia watu usingizi kwa historia! Aliogopa swali moja lizae jingine, na bibi asionekane tena.

Lakini wiki ya pili Estelle alimletea taa ndogo ya Sabato, ile Wayahudi huwasha Ijumaa jioni, aliyoitumia marehemu mumewe alipokuwa mgonjwa. Hapo dhamiri ikamsuta.

"Mama, siwezi kuipokea. Mimi ni Mkristo. Nilichonacho ni hadithi ya babu yangu tu. Ushahidi sina."

Estelle akasogeza kiti karibu. "Nieleze hiyo hadithi."

Akamweleza yote, tangu Mbwaa hadi kuvuka maji. Bibi alisikiliza bila kuangalia saa. Hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo. Mwisho akamshika mkono, akasema ni hadithi nzuri mno. Mugambi nusura alie kwa furaha.

Jumatatu Estelle alirudi. Alimpungia mkono kutoka mlangoni, kwa upendo kabisa, kisha akaenda kuketi na mgonjwa mpya wa kitanda cha sita, Myahudi aliyelazwa Jumapili.